Fremu Sabini na Mbili

Mimi ndiye niliyeshika mkasi.
Miaka ishirini na sita, ghorofa ya pili, studio ya Łódź,
chumba chenye harufu ya gundi na kabichi ya jana,
tepe za filamu zikining'inia shingoni kama za mshona suti.
Kila picha aliyoitungia muziki Ludomir Wasiak
nilimkuta humo, kajibanza:
mwenye mwavuli kwenye kituo cha tramu,
mnywa supu meza ya nyuma, kijiko hakifiki kinywani,
mwombolezaji wa saba katika mazishi ya watu sita.
Sekunde tatu. Hazizidi, hazipungui.
"Mpishi naye huonja," aliniambia,
"sembuse mimi?"

Masikioni alijificha vilevile.
Nota nne: mbili za kupanda, moja ya kusita,
ya mwisho ikishuka kama mguu unaotafuta ngazi gizani.
King'ora cha kiwanda cha nguo
kilichomwamsha mama yake saa kumi na moja alfajiri,
Apolonia, mfumaji, mapafu yamejaa pamba.
Alizitia kwenye polka ya harusi,
akazitia kwenye filimbi ya mlevi,
safari moja akazitia kwenye kengele ya baiskeli
na mwongozaji, Bwana Niezgoda, asisikie kitu.
Nilisikia mimi. Mkasi una masikio.

Mwaka ule wa theluji ndefu tulitengeneza kichekesho
cha ofisa ugavi na bata aliyepotea.
Kila ofisa alipopanda ngazi
tuba ilivuta, pole, pole,
wimbo wa kanisani ambao bibi zetu wote huzikiwa nao.
Mkaguzi akasimamisha mashine.
"Huo muziki gani?"
"Bata anatembea," Ludomir akajibu.
Mkaguzi akaandika: bata anatembea.
Ukumbini watu walicheka, wakajifuta machozi,
na hakuna aliyemwuliza jirani yake analia nini.

Nilimkata mara moja tu.
Picha ya mwisho ya Niezgoda. Stesheni, mvuke,
Ludomir kabeba sanduku, kikohozi kimeshamla mabega.
Akapita. Kisha akageuka
akatazama kamera,
na kwa kuwa nyuma ya kamera, mwisho wa yote, nipo mimi,
alinitazama mimi.
"Toa," akasema Niezgoda. "Anaharibu."
Nikatoa. Fremu sabini na mbili, ndivyo nilivyoandika daftarini.
Nilikuwa na mume, na foleni ya nyama,
na mkono uliozoea kutii kabla ya kichwa.
Nikaziba pengo kwa gundi; treni ikaondoka bila yeye.
Vipande nikavipeleka nyumbani, kopo la biskuti,
chini ya vifungo na stakabadhi za umeme.

Machi tukamzika. Makaburini tulikuwa sita.
Nilimtafuta wa saba.

Juzi Kalina, mjukuu wangu, kanipeleka sinema.
Muziki wa binti mmoja wa Gdynia
ambaye Machi ile hakuwa hata mimba.
Mwanamke anangoja kwenye korido ya hospitali,
fidla moja, peke yake:
mbili za kupanda, moja ya kusita.
Ya mwisho niliishukia mimi, kwa pumzi, kabla yake.
Amezitoa wapi? Kwa nyanya yake? Kwenye kengele ya baiskeli?
Muziki hauna alama za kufungulia maneno ya mwingine,
unayasema tu, na mwenye kujua ajue.
Pembeni yangu watu wanatafuna bisi.
"Bibi, unalia nini?"
"Bata anatembea," nikamwambia.

Usiku nikafungua kopo.
Nikaivuta tepe mbele ya taa ya jikoni, kidole kwa kidole:
sanduku, bega, sikio, shavu,
jicho linaanza kufika.
Nikahesabu. Sabini na moja.
Nikasogeza vifungo, nikapindua kopo juu ya meza,
nikahesabu tena.
Sabini na moja.
Kule kati ya mvuke na treni, basi,
kila inapopita.